Punje Zinyonyazo: Historia Fupi ya Kabidi Ngumu na Swali la Jina

Msafiri asimamaye Mbalizi, karibu na mji wa Mbeya, huyaona malori yatokayo Tunduma yakielekea bandari ya Dar es Salaam. Baadhi yake huchukua shaba na kobalti ya Katanga, nchi ambayo nayo ina Kiswahili chake. Siku hizi kobalti nyingi huishia katika betri. Lakini madini hayo yana historia nyingine, ambayo makala hii yakusudia kuieleza kwa ufupi, kisha kulipima jina moja lililo hatarini kuzoewa kabla ya kuchunguzwa.

Katika miaka ya 1890 Henri Moissan, mwanakemia wa Ufaransa, alitengeneza kabidi ya tungsteni katika tanuri la umeme. Ilikuwa ngumu mno, lakini ilivunjika upesi kama kigae. Huko Berlin, Karl Schröter wa kampuni ya Osram alipata dawa yake, akaiombea hataza mwaka 1923: unga wa kabidi uchanganywe na unga wa kobalti, ushindiliwe, kisha uchomwe. Mwaka 1926 kampuni ya Krupp ikaanza kuitengeneza kwa jina la Widia, ufupisho wa maneno ya Kijerumani yenye maana ya "kama almasi". Tangu hapo zana za kukata chuma na kutoboa miamba zikabadilika.

Yafaa kutambua kwamba kazi hii si kusubu. Mfinyanzi wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, huchoma chungu kikawa kigumu bila kupoteza umbo. Na hapa pia umbo hubaki. Kwenye joto la nyuzi 1,400 hivi za Selsiasi, kabidi haiyeyuki. Bali kobalti, ikiisha kupokea tungsteni na kaboni kidogo, hugeuka rojo, hupenya kati ya punje na kuzivuta pamoja. Ikipoa huwa gundi.

Lakini rojo hilo lina hasara yake. Punje ndogo, kwa kuwa uso wake ni mkubwa ukilinganishwa na ujazo wake, huyeyuka humo kwa wepesi zaidi. Mata yake husafiri ndani ya rojo na kutua juu ya punje kubwa. Kanuni hiyo ilielezwa na Wilhelm Ostwald mwaka 1900, na mwaka 1961 Lifshitz, Slyozov na Wagner wakaitolea hesabu. Tanuri likizidi joto au muda, punje huwa chache na kubwa, na ugumu wa zana hupungua. Ndiyo sababu mafundi hutia kabidi ya vanadi au ya kromi, kidogo tu, ili kuzuia jambo hilo.

Je, tuliiteje? Wengi wangesema "kukua kwa punje". Lakini mkulima wa Mbeya ajua kwamba punje ya hindi hukua bila kumpunguza jirani yake juu ya gunzi. Na mwanafunzi asikiaye "kukua" atadhani jumla imeongezeka, kumbe haikuongezeka hata chembe. Wajerumani husema "kuiva". Kwetu sisi kilichoiva ni kizuri, na hiki chaharibu. "Kumezana" nako kuna dosari mbili: kiambishi -an- chadai kila mmoja ammeze mwenzake, na kumeza ni kwa mara moja.

Napendekeza "kunyonya". Anyonyaye huchukua kidogo kidogo, kwa njia ya kimiminika, na anyonywaye hukonda mpaka atoweke. Neno hilo tulilisikia sana katika siasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, nalo halikupoteza maana yake ya asili. Basi tuseme "kukua kwa kunyonya". Si mbali na Mbalizi kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Fundi atakayesoma humo kwa Kiswahili akilipata jina hili, ataelewa kabla ya kufika kwenye hesabu kwa nini tanuri lisiachwe likawaka kupita kiasi.