Kuatamia Kinywani

Mwenye tangi la kioo sebuleni, awe Awasi au kwingineko kwenye tambarare za Kano, mara nyingi hulitambua jambo hili likiwa limeshafika katikati. Samaki mmoja kati ya wale wadogo aliopewa na mvuvi, wale wanaoitwa fulu kwa Kijaluo na furu upande wa Mwanza, ameacha kula. Taya la chini limetuna, koo limejaa, na mdomo hautulii: unafunguka na kufumba kana kwamba anatafuna kitu kisichoisha. Watu wa nyumbani husema anaumwa. Wiki mbili au tatu zikipita, asubuhi moja wanaonekana visamaki vyembamba wakiogelea kwa kundi karibu na mawe, na hakuna aliyewahi kuona hata yai moja.

Samaki yule hakuwa mgonjwa. Alikuwa anaatamia kinywani. Istilahi hii inastahili kueleweka vizuri na kila anayeishi karibu na Ziwa Victoria, kwa sababu bila hiyo hatuwezi kuwatunza vifaranga hao waliokuja bila kutarajiwa, wala hatuwezi kueleza yaliyowapata samaki wa ziwa letu.

Tuanze na tendo lenyewe. Furu jike hutaga mayai machache kwa wakati mmoja, na papo hapo hugeuka na kuyachukua yote kinywani. Swali la wengi ni vipi mayai hayo yanarutubishwa ikiwa yameshafichwa. Kwenye pezi la chini, karibu na mkia, dume ana madoa ya duara ya manjano au ya rangi ya chungwa yanayofanana sana na mayai. Jike huyasogelea kwa mdomo wazi kama anayeokota mayai yaliyobaki, na hapo mbegu za dume huingia kinywani na kukutana na mayai. Maelezo haya aliyatoa Wolfgang Wickler, mtaalamu wa tabia za wanyama wa Ujerumani, mwaka 1962. Tangu dakika hiyo dume hana kazi tena. Mzigo wote ni wa mama.

Sato, ambaye sokoni Kisumu wengi humwita ngege, hufanya jambo hilohilo kwa namna yake. Dume huchimba shimo la duara kwenye maji ya kina kifupi, jike hutaga humo, dume huyarutubisha, kisha jike huyakusanya kinywani na kuondoka. Maji yakiwa na joto la nyuzi 28 hivi za Selsiasi, mayai huanguliwa katika siku ya nne au ya tano. Wanaotoka bado hawajui kuogelea vizuri, na chini ya tumbo wana mfuko wa kiini ambao ndio chakula chao. Hubaki kinywani mpaka kiini kipungue, hivyo safari nzima huchukua kati ya siku 10 na 14. Siku zote hizo mama hali, au hula kidogo mno. Ule mwendo wa mdomo uliodhaniwa kuwa ni kutafuna ndiyo kazi yenyewe: anayazungusha mayai ili kila moja lipate maji yenye oksijeni na lisishikwe na ukungu. Hata baada ya kuwaachia, hukaa nao karibu kwa siku kadhaa, na hatari ikitokea huwafungulia mdomo wakarudi ndani.

Sasa istilahi. Kiingereza kimeunganisha neno la mdomo na lile la ndege anayekalia mayai yake. Kwa Kiswahili, wapo wanaosema samaki huyu “anabeba mayai mdomoni”. Usemi huo unaonyesha mahali yalipo mayai lakini unaacha kazi inayofanywa. Mwenye kubeba anaweza kutua mzigo akapumzika kisha akaubeba tena. Mama huyu hatui. Anayapepea mayai, anayasafisha, anayalinda, na anafunga kwa ajili yake. Wengine husema “kulalia mayai”, na hilo ni neno zuri la kuku, ila limefungwa kwenye picha ya mwili ulio juu ya mayai, na hapa hakuna aliyelala juu ya chochote.

Kuatamia ndilo neno linalobeba maana yote. Ni kweli kwamba kila mtu akilisikia humwona kuku kwenye kiota, lakini kiini cha neno ni kuyatunza mayai kwa mwili wa mzazi mpaka yaanguliwe. Halitaji tumbo wala mbawa. Tena limeshazoea kusafiri: Tanzania watu huzungumzia vituo atamizi vya biashara changa na vya vijana wanaojifunza kilimo, na hakuna anayeshangaa. Neno lililoweza kuingia ofisini litaingia ziwani bila taabu.

Upande wa pili wa istilahi unahitaji uangalifu zaidi. Mdomo au kinywa? Katika mazungumzo tunayabadilisha maneno haya mawili bila kufikiri, lakini Kiswahili kinayatofautisha. Mdomo ni pia zile nyama za nje, wa juu na wa chini, na ndege naye ana mdomo wa kudonolea. Kinywa ni uwazi wa ndani, pale penye ulimi na kaakaa. Mayai ya furu hayako mdomoni, yako kinywani, nyuma ya taya na mbele ya matamvua. Kwa hiyo napendelea “kuatamia kinywani”, na samaki wenyewe tuwaite waatamiaji wa kinywani. Atakayesema “mdomoni” ataeleweka, sina ugomvi naye, ila mwalimu wa sayansi na mwandishi wa kitabu cha shule wana wajibu wa kuchagua neno linaloonyesha mahali penyewe.

Ipo hoja moja dhidi ya pendekezo hili, nayo ni ya haki. Kuatamia huisha yai linapopasuka, na samaki wetu huendelea kuwashika watoto hata baada ya hapo. Nadhani tunaweza kugawa kazi: kuatamia kinywani ni tangu yai linapookotwa mpaka vifaranga wanapoachiwa mara ya kwanza, na siku zile za kutoka na kurudi tuziite kulea kinywani. Mgawanyo huo unamfaa pia mfugaji, kwa sababu hatua hizo mbili zinadai matunzo tofauti.

Msomaji asidhani haya ni mabishano ya maneno tu. Majina ya kisayansi ya samaki hawa yamejengwa juu ya tabia hii. Mwaka 1983 Ethelwynn Trewavas, aliyefanya kazi miaka mingi katika jumba la makumbusho ya viumbe mjini London, alitoa kitabu kikubwa kilichopanga upya samaki waliokuwa wakiitwa wote Tilapia. Kigezo kimojawapo kikuu kilikuwa malezi. Wanaotaga juu ya mawe au kwenye sakafu ya maji na kuyalinda mayai hapo walibaki Tilapia. Wale ambao baba, au wazazi wote wawili, huatamia kinywani wakawekwa Sarotherodon. Na wale ambao mama peke yake huatamia wakawekwa Oreochromis, jina ambalo Albert Günther alikuwa amelitoa mwaka 1889 kwa samaki wa Ziwa Chala, chini ya Kilimanjaro, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Sato wa leo na ngege wa asili wa Ziwa Victoria wote ni Oreochromis. Ziwani humo yumo pia mgeni aliyeletwa miaka ya 1950, Coptodon zillii, ambaye ukimwona sahanini utamwita tilapia kama wengine, lakini yeye hutaga chini na kulinda mayai yake bila kuyaingiza kinywani.

Tofauti hizi hupotea tunaposema kwa jumla kwamba samaki “amezaa”. Gapi, yule samaki mdogo wa rangirangi anayeuzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo, huyo ndiye huzaa kweli: mayai huanguliwa ndani ya tumbo lake na watoto hutoka wakiogelea. Jike wa gapi huweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi kadhaa, na ndiyo maana aliyenunua jike mmoja tu huweza kukuta watoto tangini na asijue baba ni nani. Mumi, yaani kambare, hutaga na kuondoka zake. Furu na sato hutaga, kisha huatamia. Kutaga, kurutubisha, kuatamia, kuanguliwa, kuzaa: Kiswahili kina maneno yote haya tayari, na kila moja lina kazi yake.

Basi mwenye tangi afanye nini? Jike akionekana ametuna taya na kukataa chakula, kwanza aachwe atulie. Akikimbizwa kwa wavu au kushikwa kwa mkono huweza kuyatema mayai au kuyameza, na mayai yaliyotemwa mapema hayana wa kuyazungusha, hivyo hushikwa na ukungu. Kama tangi lina samaki wengine wakali, ni heri kuwahamisha hao kuliko kumhamisha yeye. Mawe yaliyopangwa yenye mianya yatamsaidia yeye na watoto wake.

Vifaranga wakishaachiwa, na mama akaacha kuwaita, hapo ndipo watengwe, ama watoto wahamishiwe beseni au tangi dogo, ama wakubwa waondolewe. Furu wakubwa hula wadogo bila kuuliza ni wa nani. Chakula kiwe unga laini: omena wakavu waliosagwa na kuchekechwa, au kiini cha yai la kuchemsha kilichovurugwa kwenye maji kikadondoshwa kidogo. Mara tatu au nne kwa siku, kila mara kiasi kinachoisha kwa dakika chache. Kosa la kawaida ni ukarimu. Chakula kinachobaki huoza, maji huchafuka, na vifaranga hufa ilhali tumbo limejaa. Badilisha robo ya maji kila baada ya siku chache, na maji ya mfereji yaliyotiwa dawa ya klorini yaachwe wazi kwenye ndoo usiku kucha kwanza. Pampu ifungwe sponji, la sivyo itawavuta. Kwa joto la Kano hakuna haja ya hita nyakati nyingi za mwaka. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, punguza chakula na uchote maji kwa kikombe ukiyamimina kutoka juu ili hewa iingie.

Mwenye bwawa naye ana hadithi yake. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kuchochea uchumi uliochimba mabwawa ya samaki katika majimbo mengi ya uchaguzi, Nyanza ikiwemo. Wafugaji wengi waliweka sato, na baada ya miezi michache wakakuta bwawa limejaa samaki wadogo wasiokua. Sato wa bwawani hukomaa akiwa bado mdogo, na kwa kuwa mama hulinda mayai kinywani, wengi wa watoto huokoka. Chakula kilichokusudiwa mia moja hugawanywa kwa maelfu. Ndiyo sababu vituo vya kutotolesha vifaranga huuza madume matupu, waliolishwa homoni katika wiki za kwanza za maisha yao. Anayejua maana ya kuatamia kinywani huelewa mara moja kwa nini anauziwa madume.

Tabia hiyohiyo inayojaza bwawa ndiyo iliyowaponza furu ziwani. Mama wa furu huatamia makumi machache tu ya mayai, na kinywa chake hakiwezi kubeba zaidi. Huo ulikuwa mpango mzuri kwa maelfu ya miaka, na ziwa lilikuwa na mamia ya aina za furu. Kisha mbuta, anayeitwa sangara Tanzania, akapandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Jike mkubwa wa mbuta hutaga mayai kwa mamilioni. Miaka ya 1980 aliongezeka ghafla, na furu wakaporomoka. Anayemmeza mama mwenye kinywa kilichojaa amemmeza pamoja na kizazi chake chote. Tijs Goldschmidt, Mholanzi aliyewachunguza furu huko Mwanza wakati huo, ameandika kitabu kizima kuhusu kutoweka huko. Baadhi ya aina zilihifadhiwa kwenye matangi ya Ulaya na Marekani, na ngege wa asili yupo bado katika Ziwa Kanyaboli huko Siaya, alikojificha nyuma ya mafunjo ya Yala.

Na hapa nina ombi kwa kila aliyekuta vifaranga tangini kwake. Jike wa furu huchagua dume kwa rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji ya ziwa yakiwa machafu rangi hazionekani vizuri, na aina zilizokuwa mbalimbali huchanganyika. Tangini hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa jike asiye na dume wa aina yake hukubali aliyepo. Vifaranga wako huenda ni machotara wasiokuwepo ziwani. Walee, wagawie majirani wenye matangi, waonyeshe wanafunzi wa shule iliyo karibu. Lakini usiwamwage katika Mto Nyando, wala kwenye mifereji ya mpunga ya Ahero, wala ziwani.