Duara la Masomo: madarasa ya nchi tofauti yanavyosoma pamoja kwenye intaneti

Wadau, iEARN ni mtandao wa shule ulioanza 1988 kwa kuunganisha wanafunzi wa New York na Moscow. Moja ya kazi zake ni Duara la Masomo, mbinu ya Margaret Riel wa Marekani. Madarasa 6 hadi 8 yanaunganishwa kwa miezi michache. Kila darasa linatoa mada, mengine yanaiandikia, halafu wenye mada wanakusanya yote kuwa kijitabu.

Utamu uko hapo, na balaa pia: darasa moja likiuchuna, vijitabu vya wenzake wote vinabaki na pengo. Kompyuta hamna shuleni? Andikeni kwenye daftari, mwalimu akatumie intaneti kafe. Ila msipotee kimya jamani! Hata "tuna mitihani, tusubirini" inatosha.