Muhuri kama Shahidi: Dola ya 1804 na Zawadi ya Sayyid Said bin Sultan

Miongoni mwa zawadi ambazo Serikali ya Marekani ilimpelekea Sayyid Said bin Sultan mwaka 1835 kilikuwamo kisanduku cha sarafu. Zawadi hizo zilifuatia mkataba wa biashara ambao Edmund Roberts aliutia saini Maskati tarehe 21 Septemba 1833. Wanahistoria wa pwani wameandika mengi kuhusu mkataba huo na kitambaa cha amerikani, lakini kisanduku wamewaachia wakusanyaji wa sarafu. Makala haya yanadai kwamba wakusanyaji hao, kwa kuchunguza tofauti ndogo ndogo za mihuri, walisahihisha kosa lililotokana na nyaraka zenyewe.

Muhuri, kwa maana inayotumika hapa, ni chuma kigumu kilichochongwa picha kinyume, ambacho hugandamizwa kwa nguvu juu ya kipande cha fedha. Katika kiwanda cha sarafu cha Philadelphia, kilichoanzishwa mwaka 1792, herufi na nyota ziligongwa juu ya muhuri moja moja kwa mkono. Kwa hiyo mihuri miwili haikufanana kabisa: herufi iliinama, nyota ilisogea, tarakimu iligongwa juu ya nyingine. Muhuri uliochoka ulipata ufa, na ufa huo ulirefuka kutoka sarafu hadi sarafu, kiasi kwamba mfululizo wa utengenezaji waweza kupangwa upya hata pale kumbukumbu zinapokosekana. Orodha ya M. H. Bolender ya 1950 kuhusu dola, na ile ya Al C. Overton ya 1967 kuhusu nusu dola, zimejengwa juu ya msingi huo.

Muhuri uliokuwa bado mzima haukutupwa kwa sababu tu mwaka ulioandikwa juu yake umepita. Hapo ndipo ulipoanza mkanganyiko. Daftari la kiwanda linaonesha dola 19,570 kwa mwaka 1804, lakini dola hizo zinaaminika kuwa zilibeba mwaka 1803 au wa nyuma zaidi. Novemba 1834, Waziri John Forsyth aliagiza seti kamili za sarafu kwa ajili ya Sultani wa Maskati na Mfalme wa Siam. Watumishi wa kiwanda walifuata daftari, wakatengeneza dola zenye mwaka 1804. Sioni sababu ya kuwaita waghushi. Walichokosea ni kusoma tarehe ya daftari kana kwamba ni tarehe ya muhuri.

Ukingo wa sarafu uliwaumbua. Dola hizo ziligongwa ndani ya pete iliyobana pembeni, mbinu ambayo dola halisi za miaka ya 1803 na kurudi nyuma hazina dalili yake. Eric P. Newman na Kenneth Bressett walilieleza suala hilo kwa kina mwaka 1962, na mwaka huohuo seti ya Siam ilijitokeza London ikiwa na dola ya 1804 ndani yake.

Kwa muda mrefu zilijulikana dola 15 za namna hiyo. Nane zina muhuri mmoja wa upande wa nyuma. Saba zina mwingine, ambao herufi zake zimekaa tofauti juu ya mawingu. Moja kati ya hizo saba iligongwa juu ya sarafu ya Uswisi ya mwaka 1857. Sayyid Said alifariki Oktoba 1856. Kwa hiyo dola yoyote inayodaiwa kutoka Maskati lazima itoke katika kundi la nane.

Mojawapo ya hizo nane iliuzwa mwaka 1999 kwa dola milioni 4.14, ikitangazwa kuwa ndiyo ya Sultani. Dai hilo linawezekana, ila muhuri hauwezi kulithibitisha, kwa kuwa sarafu zote nane zilitoka katika muhuri uleule, na muuzaji ana maslahi yake. Kinachohitajika ni maandishi ya Kiarabu ya nyumba ya Sayyid, ya Maskati na ya Unguja pia, yasomwe kwa kutafuta kisanduku hicho, jambo ambalo wakusanyaji wa Marekani hawakutarajiwa kulifanya.