Mpagazi na hamali

Mpagazi na hamali ni maneno mawili ya Kiswahili yenye maana zinazokaribiana: yote humtaja mtu anayebeba mizigo kwa ujira. Tofauti yao imo katika safari na mahali pa kazi.

Mpagazi latokana na kitenzi pagaa, yaani kubeba begani. Katika karne ya 19 lilimhusu mchukuzi wa misafara baina ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Wengi walikuwa Wanyamwezi, na mzigo wa mtu mmoja ulikaribia kilo 30. Safari ilichukua miezi.

Hamali limetoka Kiarabu, katika mzizi uleule uliotupa himili. Huyu ni mtu wa mjini: bandarini, ghalani, sokoni. Safari yake huhesabiwa kwa mitaa.

Kariakoo ya Dar es Salaam, ng'ambo ya viwanja vya Mnazi Mmoja, imezijua maana zote mbili. Jina lake ni matamshi ya Kiswahili ya Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo baada ya Dar es Salaam kutekwa mwaka 1916. Hao walikuwa wapagazi wa vita. Leo, kandokando ya soko lililofunguliwa mwaka 1975, wamebaki mahamali: belo la mitumba begani au mkokoteni uliosheheni, na sauti ya "Pisha!" ikitangulia.

Mpagazi, hata hivyo, halijafa. Ndilo jina la wabeba mizigo ya wapanda Mlima Kilimanjaro.