Kupandwa, Kujitia na Kuugua: Historia ya Maneno ya Hitilafu ya Utendaji wa Neva katika Mwambao wa Wabajuni na Afrika Mashariki

Kiswahili cha pwani kina njia mbili za kumtaja mtu aliyeanguka, aliyetetemeka au aliyepooza ghafla bila ya homa wala jeraha. Ya kwanza ni kauli ya kutendwa: amepandwa, ameshikwa, amepagawa. Ya pili hutumia kiambishi -ji-: anajitia, anajifanya, anajilegeza. Tofauti hii si ya mtindo tu. Katika kauli ya kwanza mwili umetendwa na kitu ambacho mwenye mwili hakitawali. Katika ya pili mtu mwenyewe ndiye mtenda na mtendwa, na msikilizaji huondoka akiamini kwamba mgonjwa anadanganya. Makala haya yanafuatilia historia ya mgawanyo huo, yakianzia Fuma, Koyama, Chula na pwani ya Kismayu, na yanadai kwamba swali lililomo ndani ya sarufi hiyo ndilo ambalo tiba ya kisasa ilichelewa kulijibu.

Maradhi yanayohusika yataitwa hapa hitilafu ya utendaji wa neva. Dalili zake ni za kweli: mguu hauinuki, mkono unatetemeka, macho hayaoni, mwili unarushwa kama wa mwenye kifafa. Hata hivyo, picha ya kawaida ya ubongo haionyeshi uvimbe wala kiharusi kinachoeleza dalili hizo, na kipimo cha umeme wa ubongo hakionyeshi msukosuko wa kifafa wakati wa tukio. Ulaya iliyaita histeria, neno la asili ya Kigiriki lililofungamana na tumbo la uzazi, ingawa Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière, Paris, aliyaona kwa wanaume pia. Breuer na Freud, katika kitabu chao cha 1895, walieleza kwamba uchungu uliozuiliwa hugeuka kuwa dalili ya mwili. Wazo hilo la kugeuka lilibaki katika jina rasmi hata mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa 2013 ulipoliweka jina jipya kando ya lile la zamani. Muda wote huo shaka ya kujitia haikutoka wodini.

Jibu lilianza kupatikana pale watafiti walipoacha kutafuta sehemu iliyoharibika, wakapima mawasiliano baina ya sehemu. Mwaka 2010 Valerie Voon na wenzake walichapisha tafiti mbili ambazo wanaisimu nao wangefaidika kuzisoma. Katika mmoja, wagonjwa 8 wenye mtetemo walipigwa picha za utendaji wa ubongo wakati mtetemo umewajia, kisha wakati wanauiga kwa makusudi. Kwa jicho, mitetemo hiyo ilifanana. Ndani ya ubongo haikufanana. Mtetemo uliokuja wenyewe uliambatana na utendaji mdogo katika eneo la upande wa kulia, kwenye makutano ya sehemu ya utosini na ya juu ya sikio, ambalo huaminika kulinganisha alichokusudia mtu na kilichofanywa na mwili wake. Na mawasiliano baina ya eneo hilo na sehemu zinazohisi na kuendesha viungo yalikuwa hafifu. Katika utafiti mwingine, wagonjwa 16 walioonyeshwa nyuso zenye hisia walikuwa na mawasiliano makubwa zaidi kuliko watu wazima wa afya baina ya amigdala, kiini kinachoshughulika na hofu na hisia nyingine, na eneo linaloandaa mwendo. Idadi hizi ni ndogo, na tafiti zilizofuata hazikukubaliana katika kila jambo. Lakini hapo amepandwa na anajitia vilitenganishwa kwa ushahidi kutoka ndani ya fuvu.

Pwani haikungoja mashine hiyo ili itenganishe. Kamusi ya Krapf ya 1882 na ile ya Johnson ya 1939 zote zina pepo na kupunga pepo. Neno lenyewe ni la ukoo mmoja na upepo, kama vile wenzetu wa Sudan wanavyoyaita mambo ya zari upepo mwekundu: kitu kisichoonekana kinachosukuma kinachoonekana. Mwaka 1936 Hans Koritschoner aliielezea ngoma ya shetani ya Tanganyika kuwa ni tiba ya maradhi ya nafsi. Upande wa Wasomali, I. M. Lewis alidai katika 1966 kwamba sar huwapa wanawake walionyimwa sauti njia ya kudai haki zao. Linda Giles alimpinga katika 1987 kwa ushahidi wa pwani ya Waswahili: wenye pepo walikuwamo pia watu wenye heshima na nafasi katikati ya jamii. Giles ana hoja yenye nguvu zaidi, na inawahusu madaktari. Mwenye kiti katika chama cha pepo si lazima awe mgonjwa, na kuyafanya mapepo yote kuwa jina la kienyeji la histeria ni kosa lilelile la kuyafanya histeria yote kuwa mapepo.

Kwa Wabajuni, yaani Watikuu, historia ya istilahi ina jeraha la pekee. Kismayu na Jubaland zilitawaliwa na Waingereza kutoka Nairobi hadi 1925, zilipokabidhiwa Italia. Kamati ya lugha ya makoloni ya Kiingereza, iliyoanza kazi 1930, ilisanifisha Kiswahili kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Wasemaji wa Kibajuni waliokuwa kaskazini ya mpaka wakabaki nje. Wakubwa wao waliandika Kiitaliano. Kisha, baada ya Kisomali kupewa maandishi rasmi mwaka 1972, shule na ofisi zikafuata Kisomali. Kwa hiyo maneno kama neva au mfumo wa fahamu, yaliyozoeleka katika vitabu vya shule vya Dar es Salaam, hayakuwa na njia ya kufika Chula. Vita vya 1991 viliwatawanya wengi hadi Kenya na baadaye Ulaya, na hapo mtu akatakiwa aeleze mwili wake kwa daktari kupitia mkalimani wa Kiswahili sanifu.

Hata huko kwenye Kiswahili sanifu neno lililopo lina kasoro. Mshipa ni wa damu, ni wa fahamu, ni ukano, na katika pwani ni busha pia. Mgonjwa akiambiwa ana ugonjwa wa mishipa ya fahamu, huona kamba iliyokatika, na huuliza lini itaungwa. Hakuna kamba iliyokatika.

Kumbukumbu iliyoandikwa vizuri zaidi Afrika Mashariki kuhusu jirani wa maradhi haya, yale yanayoenea katika kundi, inatoka mbali na bahari. Tarehe 30 Januari 1962, wiki saba baada ya uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, Bukoba, walianza kucheka wasiweze kuacha. Shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Walimu hata mmoja. Wanafunzi walirudi makwao na hali hiyo ikafuatana nao: katika Nshamba watu 217 walipatwa. A. M. Rankin na P. J. Philip, walioripoti mwaka 1963, hawakupata sumu wala kijidudu. Walikuta pia kilio, hofu na mahangaiko, jambo linalosahauliwa na kila anayeisimulia habari hii kama kichekesho. Wenyeji waliuita ugonjwa wa kucheka, na kwa jina jingine akajanja, yaani wazimu. Majina yote mawili ni ya maradhi. Hakuna la udanganyifu.

Kuuleta ubongo katika mjadala huu kunahitaji tahadhari, kwa kuwa umewahi kuletwa kwa ubaya. J. C. Carothers, aliyesimamia hospitali ya Mathari, Nairobi, aliandika mwaka 1951 akimlinganisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Hakupima ubongo wa mtu yeyote hai. Tafiti za mawasiliano ya ubongo hulinganisha mtu na mtu, hali na hali. Hazisemi lolote kuhusu kabila, na mshauri wa sera atakayezinukuu kuhusu Wabajuni kwa namna hiyo atakuwa amerudi Mathari.

Linalopendekezwa ni dogo. Istilahi ijengwe juu ya mawasiliano, si mishipa, na maelezo kwa mgonjwa yabaki katika kauli ya kutendwa. Wakalimani wa Kiswahili katika kliniki za Mombasa, Nairobi na London waelekezwe kulifikisha neno amepandwa kama lilivyotamkwa, kisha waulize mambo manne: alianza kuhisi nini, alisikia sauti za watu au hakusikia, ilichukua muda gani, na baadaye alikumbuka nini. Majibu ya maswali hayo, pamoja na masimulizi ya aliyeshuhudia, humsaidia daktari kutenga kifafa na kisicho kifafa kabla ya kuandika dawa ambazo mgonjwa anaweza kuzimeza kwa miaka bila ya kuzihitaji.