Bila msitu wa Chome hakuna bata Kalimawe

UWINDAJI wa bata wa mwituni ni jambo ambalo wakazi wengi wa mijini hulihusisha na nchi za mbali. Picha inayojulikana zaidi ni ile ya Marekani, katika vinamasi vya pwani ya Texas na Louisiana, ambako kila majira ya baridi hushuka makundi makubwa ya bukini weupe kutoka ncha ya kaskazini ya Kanada. Wawindaji hujificha ndani ya matete kabla ya mapambazuko, wakiwa wametandaza bata bandia ili kuwavuta walio hai.

Bukini hao weupe hawafiki Afrika. Hata hivyo, bata na bukini wa aina nyingine wanapatikana katika mabwawa, mito na mashamba ya mpunga ya Tanzania, yakiwamo ya Wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro. Huko, habari ya bata haianzii kwenye maji. Inaanzia juu mlimani, katika msitu wa Chome.

Maji yanakotoka

Msitu wa Chome, ambao wengi huuita Shengena kwa jina la kilele chake, uko katika Milima ya Upare Kusini. Kilele hicho kina urefu wa zaidi ya meta 2,400 kutoka usawa wa bahari, na ndicho kirefu kuliko vyote katika safu ya Upare. Msitu huo ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, na sasa ni Hifadhi ya Mazingira Asilia inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Ndani yake anaishi kinengenenge wa Upare Kusini (Zosterops winifredae), ndege mdogo asiyepatikana mahali pengine popote duniani isipokuwa katika milima hiyo.

Tambarare zinazouzunguka mlima ni kavu. Same mjini hupata mvua chache, na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi iliyo upande wa pili ni nchi ya miiba na nyasi fupi. Mlimani hali ni tofauti: ukungu na mvua hunaswa na miti, maji huingia ardhini taratibu, kisha hutoka kama chemchemi hata wakati wa kiangazi. Wapare walilijua hilo tangu zamani. Ndiyo maana walichimba mifereji na kujenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukinga maji ya kijito usiku kucha ili yafunguliwe asubuhi na kugawanywa mashambani kwa zamu.

Kwa upande wa mashariki, mito kama Hingilili na Yongoma hushuka kuelekea Maore na Ndungu. Ndungu kuna mashamba makubwa ya mpunga wa umwagiliaji, yaliyojengwa kwa ushirikiano na Japani mwishoni mwa miaka ya 1980. Mbele yake, katika bonde la Mto Mkomazi, liko Bwawa la Kalimawe. Mpunga, matete na maji ya kina kifupi ndivyo vitu vitatu ambavyo bata huvitafuta kuliko vyote.

Bata wenyeji na bata wageni

Bata wa mabwawa ya Afrika Mashariki wamegawanyika katika makundi mawili. La kwanza ni la wenyeji, ambao huhama kwa kufuata mvua lakini hawatoki barani. Miongoni mwao ni bukini wa Misri (Alopochen aegyptiaca), mwenye duara la kahawia kuzunguka jicho, na bata wa miluzi mwenye uso mweupe (Dendrocygna viduata), ambaye sauti yake husikika usiku anapokwenda kula mbegu mashambani. Yupo pia bata mwenye nundu juu ya mdomo (Sarkidiornis melanotos), ambaye hutaga ndani ya matundu ya miti. Kwa hiyo, kukata miti mikubwa ya kando ya mto ni kumnyima nyumba.

Mkubwa kuliko wote ni bukini mwenye mwiba katika kiungo cha bawa (Plectropterus gambensis). Dume lake huweza kufikia kilo sita. Nyama yake inahitaji tahadhari, kwani baadhi yao hula wadudu wenye sumu iitwayo kantharidini, na sumu hiyo huweza kubaki mwilini mwa ndege na kumdhuru anayemla.

Kundi la pili ni la wageni. Hao huzaliana Ulaya na Asia ya kaskazini, kisha hukimbia baridi na kufika Afrika Mashariki kuanzia mwezi Oktoba au Novemba, na kuondoka Machi au Aprili. Mfano ni bata mkia-mrefu (Anas acuta) na bata mdogo mwenye mstari mweupe juu ya jicho (Spatula querquedula). Bata anayeonekana Januari katika bwawa la Tanzania anaweza kuwa alianguliwa Siberia. Ndiyo sababu nchi moja peke yake haiwezi kumlinda.

Sheria inasemaje

Nchini Tanzania, ndege wa mwituni si mali ya anayemwona kwanza. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1974, inamtaka mwindaji awe na leseni inayotaja aina na idadi ya wanyama au ndege anaoruhusiwa, pamoja na eneo na muda. Bunduki nayo ina leseni yake. Nje ya hifadhi za taifa, usimamizi uko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), iliyoanzishwa mwaka 2014.

Mkomazi ilikuwa pori la akiba tangu mwaka 1951, na mwaka 2008 ikawa hifadhi ya taifa. Humo uwindaji hauruhusiwi kabisa. Katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Chome pia mtu haruhusiwi kuwinda.

Aidha, sheria inakataza njia kadhaa za kuwinda, zikiwamo sumu, moto, mitego na taa za kuwapumbaza wanyama usiku. Nyama ya mnyama au ndege wa mwituni iliyopatikana bila kibali huhesabiwa kuwa nyara za serikali, na anayekutwa nayo ana kesi ya kujibu hata kama hakuua yeye. Tangu mwaka 2020 kanuni zimeruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni. Mkazi wa mjini anayenunua bata wa mwituni kando ya barabara, bila karatasi yoyote, hana kinga hiyo.

Msimu wa kufunga uwindaji nao una sababu ya kimaumbile. Baada ya kuzaliana, bata wengi hupukutisha manyoya yote ya kurukia kwa wakati mmoja, na kwa wiki tatu au nne hawawezi kuruka. Katika muda huo mtu mwenye mbwa na fimbo anaweza kumaliza kundi zima kwa siku moja.

Sumu na risasi

Hatari inayomgusa mlaji moja kwa moja ni sumu. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, ilibainika mwaka 2009 na miaka iliyofuata kuwa watu walikuwa wakitumia dawa ya wadudu aina ya karbofurani kuwaua bata na korongo, kisha kuwauza kama kitoweo. Ndege aliyeuawa kwa njia hiyo hana jeraha, na mnunuzi hawezi kumtambua kwa macho. Kupika hakutoi uhakika wa kuiondoa sumu hiyo.

Hatari ya pili ni ya polepole. Bunduki ya kuwindia ndege hufyatua punje nyingi ndogo ziitwazo marisaa, ambazo kwa muda mrefu zimetengenezwa kwa madini ya risasi. Punje zinazokosa shabaha huzama katika tope. Bata, ambaye humeza changarawe ili kusagia chakula katika firigisi, humeza na punje hizo, na chache tu zatosha kumuua. Marekani ilipiga marufuku marisaa ya risasi katika uwindaji wa bata nchini kote mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya ukafanya hivyo kwa maeneo ya ardhioevu kuanzia mwaka 2023. Mkataba wa Uhifadhi wa Ndege wa Majini Wahamao wa Afrika na Ulaya-Asia, ambao Tanzania ni mwanachama, nao unataka marisaa hayo yaachwe katika ardhioevu.

Somo la stempu

Kenya ilichagua njia ya kupiga marufuku uwindaji wa kitalii mwaka 1977, ingawa ndege waliendelea kuwindwa kwa muda baada ya hapo. Tanzania ilibaki na uwindaji wa leseni. Wapo wanaoona kuwa njia ya kwanza ndiyo salama, na wapo wanaosema kuwa mnyama asiye na thamani kwa mwananchi hana mlinzi. Lakini kwa upande wa bata, mjadala huo unaweza kuliacha nje jambo kubwa zaidi.

Huko Marekani, kila mwindaji wa bata mwenye umri wa miaka 16 au zaidi hulazimika kununua stempu maalumu ya serikali, utaratibu ulioanza mwaka 1934. Sehemu kubwa kabisa ya fedha hizo hutumika kununua na kuhifadhi vinamasi. Waliobuni stempu hiyo walikuwa wameona ukame na ukaushaji wa ardhioevu ukiwamaliza ndege, na wakatambua kuwa kupunguza risasi peke yake hakutoshi pale ambapo maji yenyewe yamekwisha.

Kwa Same, kinamasi hakinunuliki, kwa sababu maji yake yanatoka mlimani. Mti wa mkulo unaoangushwa kwa siri Shengena, moto unaopanda kutoka shambani, na shamba linalolimwa hadi ukingoni mwa kijito vyote hufika bondeni kwa sura mbili: maji machache wakati wa kiangazi, na tope jingi wakati wa masika. Tope hilo hujaza bwawa na kupunguza kina chake. Mkulima wa mpunga hukosa maji ya zamu yake, mvuvi hukosa samaki, na bata huenda kutafuta bwawa jingine, kama lipo.

Mwindaji mwenye leseni anaweza kuhesabiwa ndege wake mmoja mmoja. Shoka la mlimani halina leseni wala hesabu, nalo linaweza kuwaondoa bata wote bila kufyatua hata punje moja. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa Kalimawe, ufa wa kuzibwa uko Chome.