Kadi ya zamani ya mfuko, mama anaporudi kazini (Sehemu ya 4)



Sehemu ya 3 tuliongelea mtoto njiti. Leo natoka kidogo nje ya chanjo na lishe, ila hadithi inaanzia palepale, kwenye watoto njiti.

Kuna mwenzangu kazini, mimi namwita dada mkubwa. Alianza uuguzi hospitali moja ya binafsi Januari 1999, akawa anakatwa mchango wa NSSF kila mwezi hadi Desemba 2005. Mapema 2006 akajifungua mapacha kabla ya wakati. Wadogo hasa, wa kubebwa kifuani mchana na usiku. Akaacha kazi, akalea. Januari 2014 hospitali ileile ikamwajiri tena. Ofisini wakampa fomu za mwajiriwa mpya, akajaza, akapata namba mpya ya uanachama. Hakuna aliyemuuliza ya zamani, na yeye hakusema. Jamani, nani angesema? Umekaa miaka 8 bila mshahara, unapewa karatasi usaini, unasaini.

Desemba 2023 akastaafu, miaka 60 kamili. Kwenye taarifa yake ya mfuko ikaonekana miezi 120 tu. Pensheni ya kila mwezi inataka miezi 180. Ukiwa chini ya hapo unapewa hela ya mkupuo mara moja, basi, mmeagana.

Lakini yeye alikuwa na miezi mingine 84 kwenye namba ya zamani. Jumlisha mwenyewe: 204. Pensheni ya maisha ilikuwa imekatika vipande viwili, na hakuna kipande kilichotosha chenyewe.

Kwa nini afisa utumishi alimwandikisha kama mgeni? Nadhani ni mazoea tu, na mazoea hayo yana historia yake.

Mwaka 1964 nchi yetu ilianzisha NPF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi. Baba zetu walioajiriwa viwandani na mashambani wanaukumbuka. Ulikuwa kama kibubu. Wewe unaweka, mwajiri anaweka, faida inaongezeka, ukifika umri unapewa chote kwa mkupuo. Sasa kwenye kibubu, ukiacha kazi ukarudi ukafunguliwa kingine, hasara yake ni usumbufu wa makaratasi tu. Shilingi 100 huku na shilingi 100 kule bado ni 200. Hakuna anayehesabu miezi.

Serikalini ilikuwa habari nyingine kabisa. Muuguzi wa hospitali ya Serikali alikuwa chini ya sheria ya pensheni ya mwaka 1954, ya wakati wa mkoloni. Hakukatwa hata senti. Pensheni ilitoka hazina. Kilichombeba ni faili lake: tarehe ya kuajiriwa, tarehe ya kuthibitishwa, tarehe ya kustaafu. Michango ya watumishi wa Serikali ilianza 1999 na mfuko wa PSPF, mtumishi asilimia 5, mwajiri 15. Ndiyo maana wazee wetu walitunza barua ya ajira kuliko hata cheti cha ndoa. (Bibi yangu ya kwake aliifungia kwenye mfuko wa sukari, juu ya dari.)

Mabadiliko makubwa kwa sekta binafsi yalikuja na sheria ya 1997 iliyogeuza NPF kuwa NSSF. Kibubu kikawa pensheni. Kuanzia hapo kinachohesabiwa si hela tu, ni MIEZI. Na miezi ikikaa kwenye namba mbili haijijumlishi yenyewe kama shilingi. Sheria ilibadilika, lakini vichwa vyetu, vya waajiri na vya wafanyakazi, vilibaki kwenye kibubu.

Ushahidi? Fao la kujitoa. Miaka mingi mtu akiacha kazi alikimbilia kuchukua michango yake yote. Akiajiriwa tena anaanza sifuri, hata awe alichangia miaka 10. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha sheria ya kuzuia, kelele zikawa kubwa, hasa migodini, na zuio likashindwa kusimama. Siwalaumu wale wachimbaji. Mtu wa mkataba wa miaka 2 ukimwambia asubiri afike miaka 55, anakuona unamtania. Mwaka 2018 ndipo likaja fao la kukosa ajira: theluthi ya mshahara kwa miezi 6, kwa aliyechangia angalau miezi 18.

Mwaka huohuo mifuko minne, yaani PSPF, LAPF, PPF na GEPF, iliunganishwa kuwa PSSSF ya watumishi wa umma, kuanzia tarehe 1 Agosti. NSSF ikabaki na sekta binafsi na waliojiajiri. Kwa hiyo ukitoka hospitali ya binafsi ukaajiriwa halmashauri, unabadilisha mfuko, lakini sheria inaruhusu vipindi vyako vya kuchangia vijumlishwe. Kuruhusu ni kitu kimoja, jamani. Lazima kuwe na mtu wa kuwaambia kwamba kipindi cha kwanza kipo.

Sasa wewe mdogo wangu wa miaka 27 unasema kustaafu ni mbali. Haya, fao la uzazi NSSF linataka uwe umechangia miezi 36, na 12 kati ya hiyo iwe ndani ya miezi 36 kabla ya kujifungua. Umefanya kazi miaka 3, umelea mwaka mmoja, umerudi, una mimba ya pili na umechangia miezi 14. Kwenye namba moja umefikisha. Kwenye namba mpya una 14 tu, na dirishani unaambiwa hujatimiza.

Kilichomwokoa dada mkubwa ni kwamba 2006 hakujitoa. Mume alitaka wachukue wanunue bati, yeye akasema hana nguvu ya foleni na watoto wawili kifuani. Ile kadi ya zamani tuliikuta ndani ya bahasha ya kadi za kliniki za mapacha, pamoja na hati mbili za mshahara za 2003. Majina yalitofautiana: kadi ya kwanza ina jina la baba, ya pili la mume. Ikabidi aapishe hati kwa wakili na kupeleka cheti cha ndoa. Alienda na kurudi miezi 5, safari mbili mimi nilimsindikiza baada ya zamu ya usiku.

Namba zikaunganishwa. Pensheni ya kwanza ilipoingia alinipigia saa 12 asubuhi, nikadhani kuna msiba.

Wenye namba mbili andikeni hapo chini "ninazo", msiweke namba yenyewe. Sehemu ya 5 nitaeleza barua ya kuomba kuunganisha inaandikwaje.